Kesi Hupotea Kabla ya Hakimu Kuketi

Mtanzania akishindwa kesi ya madai, husema maneno yaleyale: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Sikatai kwamba rushwa ipo. Hata hivyo, nadai hapa kwamba wengi wanaoshindwa katika mashauri ya ardhi, mikopo na mikataba hawashindwi na hakimu. Hushindwa kabla hakimu hajaketi, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza nafasi yao katika shauri ni ipi. Dola inayolijua jambo hilo na kulinyamazia haina uso wa kumwambia raia kwamba kutojua sheria si utetezi.

Jirani yangu, mama muuza nafaka, aliletewa hati ya wito. Aliyemkopesha mahindi alimdai fedha ambazo sehemu kubwa alikwisha kuzilipa, na stakabadhi alikuwa nazo. Wito uliandikwa kwa Kiingereza. Aliukunja, akauweka chini ya kitambaa cha meza, akasema yeye si mwizi, wakimtaka watamfuata. Walimfuata kweli, miezi kadhaa baadaye, na aliyebisha hodi alikuwa dalali wa mahakama. Stakabadhi bado zilikuwa kabatini.

Mama huyu aliichukulia kesi ya madai kana kwamba ni ya jinai. Katika jinai Jamhuri ndiyo inayoshtaki, na mshtakiwa anaweza kukaa kimya akasubiri upande wa mashtaka uthibitishe. Katika madai, kimya hugharimu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inayotumika katika Mahakama za Wilaya, za Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, humpa mdaiwa siku 21 tangu apokee wito ili awasilishe utetezi wake kwa maandishi. Siku hizo zikipita bila utetezi, mahakama yaweza kuendelea na upande mmoja na kutoa hukumu. Mdai naye hajasalimika: asipofika siku ya kusikilizwa, shauri lake laweza kufutwa.

Kosa la pili la raia ni kumdhania hakimu kuwa mzee wa ukoo. Mzee wa ukoo huuliza majirani, huenda shambani kukagua mpaka, humwita aliyenyamaza aseme. Hakimu wa madai kwa kawaida huamua kwa yale yaliyoletwa mbele yake. Anayedai jambo ndiye mwenye jukumu la kulithibitisha, na kipimo ni mizania ya uwezekano: ushahidi wa nani ni mzito zaidi. Stakabadhi ambayo haikutolewa kwa utaratibu mbele ya mahakama ni kama haikupata kuandikwa. Karani naye hupokea nyaraka na kupanga tarehe; si kazi yake kumshauri mtu. Wakili wa upande wa pili anamtumikia mteja wake. Wazunguke wote hao, hutamkuta hata mmoja ambaye kazi yake ni kumwambia mama yule afanye nini.

Hata ushindi una mtego wake. Hukumu haijitekelezi. Mshindi hana budi kurudi mahakamani kuomba ikaziwe, aoneshe mali ya mdaiwa inayoweza kukamatwa, ndipo dalali atumwe. Wapo wanaoihifadhi nakala ya hukumu kama cheti cha ubatizo, wakingoja serikali iwaletee fedha zao, ilhali muda wa ukomo wa miaka 12 unahesabika.

Wanasheria watanijibu kwamba utaratibu ndio mlinzi wa haki. Nakubali. Wito upo ili mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, na siku 21 zipo ili mashauri yasilale. Lakini utaratibu humlinda anayeujua, na humnyonga asiyeujua. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza mara kadhaa kwamba ibara hiyo haifuti kanuni za utaratibu. Sawa. Kama kanuni hazifutiki, basi zielezwe.

Kisingizio cha lugha nacho kimekwisha. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo, kila wito uambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kueleweka: nani anakudai, anadai nini, una siku ngapi, upeleke nini na wapi, na ukinyamaza kitatokea nini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Ukurasa huo umwelekeze raia kwa aliye karibu naye. Kila hukumu nayo iambatane na maelezo ya namna ya kuikazia na muda wa kukata rufaa. Gharama yake ni karatasi na wino.

Ninyi watendaji wa vijiji na mitaa mnaopitishiwa wito huo, msiishie kugonga muhuri; mwelezeni mpokeaji alichokishika mkononi. Wanafunzi wa sheria mnaokariri kanuni hizi kwa Kiingereza ili mfaulu mitihani, zielezeni nyumbani kwenu likizo hii kwa lugha ya nyumbani.

Jirani yangu aliambiwa baadaye kwamba hukumu ya upande mmoja inaweza kuombewa itenguliwe iwapo kuna sababu ya msingi. Aliuliza ada ya wakili, akahesabu, akaona inalizidi deni lenyewe. Akalipa mara ya pili deni alilokwisha kulilipa, na kwenye kumbukumbu za mahakama shauri lake limeandikwa kuwa limemalizika.