Jicho lina haki yake: Nunua monita kwa maandishi, usinunue kwa ukubwa



Kompyuta imekwishaingia katika maisha yetu. Ipo katika steshenari za Ngamiani na Muheza mjini, ipo katika ofisi ya madrasa inayotunza orodha ya wanafunzi, ipo nyumbani kwa kijana wa chuo anayeandika ripoti yake. Hata sisi wa vituo vya afya tunaandikisha wagonjwa katika mfumo wa GoTHOMIS. Kila mahali hapo kuna mtu anayekaa mbele ya monita saa sita, saa nane kwa siku. Mtu huyo akilalamika kuwa macho yanachoma, kichwa kinauma kila jioni na herufi zinaingia ukungu, hupewa jibu moja tu: kompyuta inaua macho, vumilia.

Mimi nasema jibu hilo si sahihi, na tena linadhuru, kwa sababu linamfanya mtu akae na tatizo lenye dawa. Kinachomtesa ni moja kati ya mambo matatu, au yote kwa pamoja: monita mbaya, monita iliyowekwa vibaya, na macho ambayo hayajapimwa. Yote matatu yanarekebishika bila kutajirika kwanza. Na wa kwanza kuwajibika ni yule aliyenunua monita na kumkalisha mwenzake mbele yake.

Jicho linachoka vipi?

Mtu akiwa katika mazungumzo ya kawaida hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Kila akipepesa, kope hupaka machozi juu ya jicho kama mtu anayepangusa kioo kwa kitambaa chenye maji. Akikodolea monita, kupepesa hupungua hadi nusu au chini ya hapo. Jicho hukauka, huwasha, na wakati mwingine hutoa machozi mengi ghafla. Papo hapo misuli ya ndani ya jicho inakaza muda wote ili kuona karibu. Herufi zikiwa na ukungu, au mwanga ukiwa mkali, misuli hiyo hufanya kazi mara mbili.

Uchovu huu haupofushi. Mtu akipumzika, unaondoka. Lakini maumivu ya kila siku ni madhara, na Uislamu haukutufundisha kuyadharau. Abdullah bin Amr (r.a.) alipozidisha kufunga mchana na kusimama usiku kucha, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake pia yana haki juu yake. Ikiwa jicho lina haki mbele ya ibada ya sunna, sembuse mbele ya kazi ya kuchapa barua?

Unapokwenda kununua

Wengi wetu tunanunua monita zilizotumika, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kuuliza maswali mawili tu: inchi ngapi na bei gani. Nakuomba uongeze haya yafuatayo.

Kwanza, monita ya kichogo usiichukue hata ukipewa bure. Picha yake inawakawaka, hasa ikiwekwa kwenye mizunguko 60 kwa sekunde, na jicho linachoka hata kama huoni kuwaka huko. Kioo chake kina madini ya risasi, kwa hiyo ikivunjika uani mnapocheza watoto ni hatari nyingine. Tena si ya bure kama unavyodhani. Kichogo cha inchi 17 hula wati 80 hivi, wakati monita bapa ya LED ya inchi 22 hula wati 25 au pungufu. Kwa saa 8 kwa siku, siku 26 za kazi, kichogo kitakula uniti 16 na nusu za LUKU, na ile bapa uniti 5 na kidogo. Piga hesabu ya mwaka mzima.

Pili, tazama idadi ya vitone, yaani pikseli, kabla ya inchi. Picha yote ya monita imejengwa kwa vitone. Monita ya inchi 22 au 24 yenye vitone 1920 kwa 1080 inatosha kabisa kwa kazi ya kila siku. Ya inchi 19 iliyotumika, yenye 1440 kwa 900, nayo inafaa kwa mwenye uwezo mdogo. Lakini ile ya inchi 27 yenye vitone vilevile 1920 kwa 1080 inavitawanya vitone hivyo juu ya kioo kikubwa, na ukikaa karibu herufi zinaonekana kama zimeparurwa. Unakuwa umelipia ukubwa ukapata maandishi duni.

Tatu, fanya mtihani ambao sisi tuliopita madrasa tunaumudu kuliko wengine. Mwambie muuzaji afungue maandishi ya Kiarabu yenye irabu, kwa ukubwa wa kawaida. Kaa umbali wa mkono ulionyooka. Je, unatofautisha nukta za ba, ta na tha bila kusogeza uso? Fat-ha na kasra zinaonekana kama mistari, au ni vumbi? Monita inayofaulu hapa itafaulu katika barua, hesabu na kazi za shule.

Nne, chagua kioo kisichong'aa. Monita ikiwa imezimwa, jitazame. Ukiona sura yako kama kwenye kioo cha kuchania nywele, basi ikiwashwa utaona mlango, dirisha na taa ya nyuma yako vikichanganyika na maandishi.

Tano, punguza mwanga wa monita mpaka chini, kisha itazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari minene myeusi inatembea juu ya kioo, monita hiyo inapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima upesi sana. Wako wasiodhurika, na wako ambao vichwa huwauma. Kama ipo nyingine ya bei ileile isiyo na mistari, chukua hiyo.

Sita, zile bapa za zamani kabla ya LED huwashwa kwa taa za tyubu ndani, ambazo huzeeka zikawa hafifu na za manjano. Weka karatasi nyeupe kando ya kioo ufananishe. Iache iwake robo saa kabla hujalipa.

Na wewe ndugu muuzaji, sikiliza. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione. Monita yenye mstari unaotokea baada ya dakika kumi ni nafaka ile ile. Iseme kasoro yake, upunguze bei, uchukue fedha ya halali.

Kuiweka ni nusu ya kazi

Monita nzuri iliyowekwa vibaya inachosha kama mbaya. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na umbali uwe sentimita 50 hadi 70. Kama mguu wake ni mfupi, inyanyue kwa kipande cha mbao au tofali lililofunikwa kitambaa. Usiinyanyue kwa vitabu vya dini.

Mwanga nao unategemea mahali. Tanga mjini, Pangani na pwani yote, adui ni jua. Duka linatazama barabara, mlango uko wazi mchana kutwa, na monita imeelekezwa mlangoni. Igeuze ili mlango au dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma ya mchapaji. Huku kwetu Amani, milimani Usambara Mashariki, mambo ni kinyume. Ukungu ukishuka chumba kinakuwa giza, na monita inabaki kuwa taa peke yake. Jicho linahangaika kati ya mwanga mkali na giza lililoizunguka. Washa taa ya chumba, kisha punguza mwanga wa monita mpaka ufanane na karatasi nyeupe iliyo kando yake.

Wako wanaopunguza idadi ya vitone katika mipangilio ya kompyuta ili herufi ziwe kubwa. Wanapata herufi kubwa zenye ukungu. Acha vitone katika kiwango cha monita yenyewe, halafu kuza maandishi kwa asilimia 125. Kama mashine yako ina mlango wa HDMI, tumia waya huo kuliko ule wa zamani wa VGA. Kama huna budi kutumia VGA, bonyeza kitufe cha monita kinachorekebisha picha chenyewe. Na kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20, huku ukipepesa.

Fedha iliyobaki ipeleke kwenye macho

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Mtu anaongeza fedha ili atoke inchi 22 afike 27, naye ana miaka 45 na hajawahi kupimwa macho. Baada ya miaka 40, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na kuona karibu huwa kugumu. Hii ni kawaida ya umri, kama mvi. Hakuna monita ya kuiondoa, inaondolewa na miwani.

Sisi tunaoishi jirani na mashamba ya chai tutauelewa mfano huu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu walizidi wenzao ambao hawakupewa kwa zaidi ya asilimia 20 katika kiasi walichochuma. Kama miwani inamsaidia hivyo mtu anayetafuta jani, itamsaidia vipi anayetafuta herufi?

Ukienda kupimwa, iwe Bombo au kliniki nyingine ya macho, pima kwanza kwa uzi kutoka jichoni mpaka kwenye monita yako, uende nao. Miwani ya kusomea msahafu hutengenezwa kwa sentimita 40 hivi, na monita iko mbali zaidi. Mpimaji akiuona uzi wako atakupa lenzi ya umbali huo. Ama miwani inayouzwa kwa sifa ya kuzuia mwanga wa bluu, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2023, uliokusanya majaribio 17, haukuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Fedha hiyo iweke kwenye vipimo.

Na yako mambo ambayo usiyasingizie monita. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kuona kupungua ghafla, kuona miali au pazia upande mmoja, au ukungu kwa mwenye kisukari au presha, yote hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ewe mwenye duka, mwalimu mkuu wa madrasa, baba na mama mwenye nyumba: binti anayekuchapia kazi hana sauti ya kuchagua monita. Anakaa pale ulipomkalisha. Kesho, kabla hujamwambia aongeze kasi, kaa wewe kwenye kiti chake kwa saa moja, uchape ukurasa mmoja. Ukiinuka huku unafikicha macho, umekwishajua la kufanya.

Wabillahi tawfiq.