Tawi la Mwaridi na Sentensi Moja ya Muhtasari



Ndugu msomaji, juma hili naomba ruhusa yako tuzungumzie jambo linaloonekana dogo: namna ya kupata mche mpya wa waridi kutokana na tawi la mche wa zamani. Nimelichagua kwa sababu jambo hilo lilikaribia kuleta huzuni katika msikiti wetu, na mwenye kosa angekuwa mimi ninayeandika safu hii.

Mbele ya msikiti wetu, hapa milimani Lushoto, palikuwa na mwaridi mkubwa wa maua mekundu. Mwaka jana kamati iliazimia kujenga mahali pa kutawadhia akina mama, na ramani ikapita juu ya shina lake. Nikiwa katibu, niliandika katika muhtasari kwamba mimea yote iliyomo katika eneo la ujenzi itaondolewa. Sikuuliza ni nani aliyeipanda.

Siku mbili baadaye, baada ya sala ya Alasiri, bibi mmoja alinisubiri nje. Akasema, "Mwanangu, nimesikia mnatujengea. Allah awalipe kheri. Mwaridi ule aliupanda marehemu mume wangu mwaka tuliomzika mtoto wetu wa kwanza. Siwazuii kujenga. Ninaomba tu usipotee wote."

Niliona haya. Fundi alikuwa aanze kazi baada ya majuma matatu.

Wazo la kwanza lilikuwa kuung'oa na kuuhamisha, lakini shina lilikuwa kuukuu, na mizizi yake imejibana chini ya ukuta wa mawe. Wazo la pili lilikuwa mbegu. Hilo nalo halikufaa. Mche utokao katika mbegu ya waridi ni mtoto: hufanana na wazazi wake kwa sehemu tu, na ua lake huweza kuwa la rangi na umbo jingine. Tawi likichipua mizizi huwa ni mmea uleule, na ua lake ni lilelile. Bibi hakuomba waridi lolote; aliomba lile.

Basi nikakata matawi kumi na mawili, marefu na laini, mengine yakiwa na maua. Nikayachomeka katika udongo wetu mwekundu, juani, na kuyamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya siku kumi yote yalikuwa meusi.

Nilikwenda kwa mghosi mmoja anayeotesha miche kando ya njia ya kwenda Soni. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba nimeyanyima matawi kivuli na nimeyazidishia maji. Alinifundisha haya, nami nayafikisha kwako.

Chagua tawi ambalo ua lake limekwisha kunyauka, lenye unene wa penseli. Lisiwe laini la kijani kibichi, wala gumu la miaka mingi. Kama mwaridi wako ulinunuliwa ukiwa umebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine, kata juu ya kiungo. Machipukizi yanayotoka chini yake ni ya huyo mwingine. Tumia kisu kikali na safi. Urefu uwe sentimita 15 hadi 20. Chini kata sawasawa, karibu kabisa na jicho. Juu kata mshazari, ili usije ukasahau upande upi ni wa kuingia ardhini. Ondoa maua na majani yote, ubakize jani moja au mawili ya juu, nayo uyapunguze nusu. Tawi lisilo na mizizi halina pa kunywea, na kila jani linazidi kulikausha.

Changanya mafungu mawili ya mchanga wa mtoni uliooshwa na fungu moja la mboji iliyoiva, ujaze katika viriba vyenye matundu chini. Toboa kwanza kwa kijiti, kisha tumbukiza tawi hadi macho mawili yafukiwe, na ushindilie kwa vidole. Weka kivulini penye mwanga. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha nuru, ulioinuliwa kwa vijiti ili usiguse majani, na uufunue kidogo kila siku hewa ipite. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Kisha subiri, na hapa ndipo wengi hushindwa. Majani mapya yanaweza kutoka kabla ya mizizi, kwa kuwa tawi lina akiba yake ya chakula. Usifurahi mapema, wala usilichomoe kutazama. Huku kwetu, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai huchelewesha kazi. Hesabu majuma sita hadi manane, ndipo ulivute kwa upole. Likishikilia, limeota. Baada ya hapo lizoeshe jua kidogo kidogo.

Nilipohesabu majuma hayo niliona kwamba muda hautoshi. Nilimwomba mwenyekiti tukutane tena, nikasoma sentensi yangu mbele ya kamati na kukiri kwamba niliiandika bila kuuliza. Wazee walikubali upande ule wa ujenzi usubiri miezi miwili. Haikuwa rahisi, kwani akina mama nao wana haki ya kutawadha kwa sitara, na baadhi yao walinieleza hivyo bila kuficha. Walikuwa na haki.

Katika kungojea nilikumbuka kwamba milima yetu ina kisa chake katika elimu hii. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliona katika misitu ya Usambara ua dogo la zambarau lenye majani yenye vinyweleo, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliliandika katika elimu ya mimea na kuliita Saintpaulia. Ua hilo hata tawi halihitaji. Jani moja likikatwa pamoja na kikonyo chake na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu, vimche huchomoza chini yake. Hivyo ndivyo lilivyoenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Lakini huku asili yake linapungua, kwa kuwa huishi juu ya miamba yenye kivuli, na miti ikikatwa, jua hulikausha.

Kisa hicho kilinizuia kujiliwaza kupita kiasi. Vipandikizi vingi havimfanyi mama yao kuwa kitu cha kutupwa. Na ukiliona ua lile msituni, usiling'oe. Katika misitu ya hifadhi usichukue hata jani pasipo ruhusa. Waridi la jirani lililoinamia njiani nalo lina mwenyewe. Piga hodi, omba. Ni nadra mtu kunyimwa tawi.

Safari ya pili nilichomeka matawi ishirini. Tisa yaliota. Mwaridi wa zamani tulijaribu kuuhamisha kwa kadiri ya uwezo wetu, nao haukupona. Bibi nilimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Alinyamaza kidogo, akasema "Inna lillahi", kisha akauliza mche wake uko wapi. Aliupanda karibu na mlango wake. Minne ipo uani mwa msikiti, ambako maji ya udhu yanapita kwenye mfereji na kuimwagilia. Iliyobaki wamegawana wanafunzi wa madrasa waliokuwa wakiitunza.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Nyuki walikuwa wakila katika mwaridi ule miaka yote, nami nikaufuta kwa sentensi moja. Sasa katika daftari la kamati yetu kuna kanuni mpya: kabla ya kuondoa mmea wowote, katibu ataulizia aliyeupanda, na kama wapo walio hai wanaomkumbuka.

Nawe, msomaji wangu, kama kwenu kuna mmea wa mzazi aliyetangulia, kata tawi lake msimu huu, wakati shina lingali zima.

Wabillahi tawfiq.