Nyumba imejengwa, stoo je?

Wadau, leo tuongee kuhusu Katesh.

Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimeshajengwa nyumba zaidi ya 100 pale Waret, nyingi kwa mkono wa serikali na nyingine Msalaba Mwekundu. Napongeza kabisa. Kuna sehemu watu huzeekea kwenye mahema.

Ila mpango wa nyumba za maafa huhesabu vyumba vya kulala. Sisi wauza mtandaoni chumba kimoja ni stoo, na mzigo ukisombwa na tope, nyumba mpya haiurudishi. Kwa maoni yangu, msaada wa kujenga upya unapaswa kuja na mtaji, hata kidogo, la sivyo mtu anapewa paa halafu anakosa cha kula chini yake.

Hapo ndipo wengi wananaswa na kausha damu. Mkopo ule unadai kila wiki, na ukuta hauleti marejesho ya wiki! Usijengee nyumba. Pesa ya nyumba itoke kwenye faida polepole: leo mawe ya msingi, mwezi ujao nondo na saruji ya mkanda wa zege. Mtaji utafute kwingine. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na haina riba. Kikundi kinachoelewana kina thamani kuliko "wafuasi" elfu kumi, lakini hiyo mada nyingine.

Nyie wa Mbulu mnaonunua viwanja vya bei chee karibu na korongo, waulizeni kwanza wazee maji yalipita wapi. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka mtoni, na fundi hawezi kukujengea msingi wa kushindana na mlima.

Halafu bima. Ya moto peke yake haitoshi, muulize wakala kama imeongezewa mafuriko na maporomoko, na kama inagusa mzigo ulioko ndani au kuta tu. Picha za bidhaa unazo tayari WhatsApp. Zihifadhi pamoja na risiti za manunuzi kwenye barua pepe, maana simu nayo husombwa.