Aliyeacha pombe asirudishwe kwenye chupa na mtaa wake

Katika miji ya Goma, Bukavu, Uvira na Butembo, familia nyingi zinajua siku mbili. Ya kwanza ni ile kijana wao anapotoka hospitalini, macho yametulia, mikono haitetemeki tena, na mama anaimba. Ya pili inafika wiki chache baadaye: majirani wanamleta kijana huyo huyo usiku, ananuka kanyanga. Kazi yote iko kati ya siku hizo mbili, na hapo ndipo watu wachache wanapotazama.

Wengi wanadhani kuacha pombe ni kuingia hospitali na kutoka. Hospitali inafanya sehemu yake. SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu pale Goma, vituo viwili vya Frères de la Charité vinavyotunza magonjwa ya akili, vinajulikana na familia za Kivu. Huko mgonjwa anapata dawa, chakula, usingizi na mtu wa kumsikiliza. Lakini huko hakuna anayemuuzia. Nyumbani, kioski cha kanyanga kiko hatua kumi kutoka mlangoni.

Pombe haikai tumboni tu. Kwa miaka mingi ubongo umejifunza kuiomba kwa saa fulani, kwenye njia fulani, pamoja na watu fulani. Motari wa Birere aliyezoea kumaliza siku kwa chupa ndogo atasikia kiu akizima tu pikipiki, hata kama ameacha tangu miezi mitatu. Njaa, hasira, upweke na uchovu vinaongeza kiu hiyo. Basi kusema « awe na nguvu ya roho » hakutoshi. Anahitaji kubadilisha njia ya kurudi nyumbani, kula kabla ya jioni, kumwachia mtu anayemwamini pesa za siku, na kujua ni nani atakayemwita kiu ikimshika. Mara nyingi kiu hiyo inapita ndani ya dakika chache, kama mtu hakubaki nayo peke yake.

Na akianguka? Taasisi ya Marekani inayochunguza matumizi ya madawa ya kulevya, NIDA, inakadiria kwamba kati ya watu 40 na 60 kwa kila 100 waliotunzwa hurudia wakati fulani. Inalinganisha hali hiyo na ugonjwa wa shinikizo la damu na ule wa pumu. Hakuna familia inayomfukuza papa kwa sababu shinikizo lake limepanda. Anarudishwa kwa muganga, dawa inaangaliwa upya. Aliyerudia pombe anastahili vilevile. Hiyo si ruhusa ya kunywa. Ni sababu ya kurudi kituoni kesho yake asubuhi, bila kungoja mwezi uishe kwa aibu. Tena hatari ipo: mwili ulioacha umepoteza mazoea, na kipimo alichokimudu zamani kinaweza kumuua leo.

Kuna hatari nyingine ambayo familia nyingi haziijui. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Kumfunga kamba chumbani si matunzo. Kumpeleka kwenye chumba cha maombi na kumfungisha chakula na maji katika siku hizo ni kumweka hatarini. Maombi na dawa havigombani. Mchungaji mwenye busara atamtuma kwanza kituo cha afya, kisha ataendelea kumwombea.

Baada ya hapo inabaki kazi ya mtaa. Kwenye matanga, kwenye harusi, siku ya kupeleka mahari, kila mara yuko mjomba anayesukuma glasi: « Moja tu, moja haiui. » Kwa aliyeacha, hiyo moja ndiyo mlango. Anayempenda ampe soda na anyamaze. Wengine wanaendelea kumwita mlevi hata baada ya mwaka mzima bila kunywa. Mtu anayeitwa mlevi kila asubuhi mwishowe anaona hana cha kulinda.

Hii haina maana kwamba mke asahau. Kama alipigwa, kama watoto walifukuzwa shuleni kwa sababu minervali ilinywewa, ana haki ya kulinda pesa na nyumba yake, hata kuishi mbali kwanza. Uaminifu unarudi kidogo kidogo, kwa siku zinazohesabika. Aliyeacha asidai kuaminiwa kwa sababu tu ametoka hospitali.

Viongozi nao wana sehemu yao. Amri za kukataza pombe kali zimetolewa mara nyingi katika miji ya mashariki. Wiki chache zikipita, chupa zinarudi mezani. Kukamata wanywaji hakuponyi mtu. Na mama anayeuza kanyanga mara nyingi hana biashara nyingine ya kulisha watoto. Amri isiyomsaidia kupata nyingine itavunjwa kesho. Tangu vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki zikafungwa na kazi zikapotea, chupa imekuwa dawa ya bei ndogo kwa wengi. Hapo ndipo matunzo yanahitajika zaidi, si chini.

Mambo mengine hayangoji bajeti. Kikundi cha Alcooliques Anonymes, ambacho leo kiko katika nchi nyingi, kilianza 1935 katika mji wa Akron, Marekani, kwa watu wawili walioshindwa kuacha kila mmoja peke yake. Walichokuwa nacho ni mazungumzo. Kituo cha afya cha kata kinaweza kutoa chumba saa moja kwa wiki kwa walioacha. Parokia, msikiti na shirika la msingi vinaweza kutoa viti. Likelemba inaweza kumpokea aliyeacha, pesa zake zikae mbali na kioski. Shefu wa nyumba kumi, anayejua nani amehamia na nani amefariki, anaweza pia kujua nani ametoka kutunzwa, na kumpitia jioni kumsalimia.

Familia imekwisha kulipa hospitali, mara nyingi kwa kuuza mbuzi au kiwanja. Mtaa ukimwacha peke yake siku anayorudi, mbuzi ameuzwa bure, na mara inayofuata huenda hakutakuwa tena na cha kuuza.