Nywele Zikidondoka, Msimtafute Mchawi

Kwetu Nyeri nywele si jambo la mzaha. Mnakumbuka Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipomkata Muthoni wa Kirima rasta alizozifuga tangu siku za msituni, takriban miaka 70. Bibi huyo, aliyeaga dunia Septemba 2023, ndiye mwanamke pekee aliyepata cheo cha jemadari mkuu katika Mau Mau, na kukatwa nywele kwake kulikuwa habari ya nchi nzima. Yeye alizitoa kwa hiari. Je, yule ambaye zinamtoka bila hata kuulizwa?

Hapo ndipo sisi wanafunzi tunapoonyesha ukatili wetu. Msichana akitokwa na nywele kidogo tu, keshaitwa "uwanja wa ndege". Halafu kila mtu anakuwa daktari: eti ni maji ya mfereji, eti amelogwa na jirani, eti ana ule ugonjwa. Msidhani maneno kama haya ni ya kupita tu. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwaonya wanaume wenye upara wajihadhari, baada ya wengine wao kuuawa na watu walioamini kwamba kichwa cha namna hiyo kina dhahabu ndani. Upara wenyewe, wa baba zetu na wajomba, hurithiwa kutoka upande wowote wa ukoo, wa baba au wa mama, na huletwa na homoni za mwili. Basi. Hakuna dhahabu.

Lakini baba zetu tuwaache. Maoni yangu ni kwamba mchawi mkubwa wa nywele za wasichana ni mikono yetu wenyewe. Pita saluni yoyote ya Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Utakuta foleni. Msusi anavuta matuta mpaka macho ya mtu yanakuwa kama ya mtu anayetazama jua, na mteja anasema, "Kaza zaidi, nataka yakae muhula mzima!" Usiku analala kifudifudi, amemeza dawa ya kichwa, na asubuhi ana vipele vidogo kwenye paji la uso. Sisi tunasema amependeza.

Kila unywele umekaa kwenye kishimo chake ndani ya ngozi, na shina lake liko chini humo. Ukiuvuta wiki baada ya wiki, shina linachoka, unywele unatoka. Kwa kawaida huanzia kwenye paji na pembeni karibu na masikio, kwa sababu huko nywele ni laini na ndiko mkazo unakoshika. Ukiacha kuvuta mapema, zinaota tena. Ukiendelea kwa miaka, kishimo kinaziba kwa kovu, na hapo hata ununue mafuta ya soko zima la Karatina huoti kitu. Dawa za kulainisha nywele nazo zikikaa kupita kiasi huunguza ngozi na kudhoofisha unywele wenyewe. Kisha juu ya nywele hizo dhaifu mtu anasuka rasta nzito za kununua! Ni kumfunga fahali kwa uzi wa kushonea.

Sisemi kwamba kila anayepoteza nywele amejitakia, la hasha. Choa cha kichwani huletwa na ukungu. Huacha mabaka yenye magamba, nywele zikiwa zimekatika, na husambaa kwa vitana, kofia na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Krimu ya kupaka peke yake haitoshi, maana haifiki kwenye shina. Dawa yake ni ya kumeza kwa wiki kadhaa, na aitoe daktari. Mwingine hupata mabaka laini ya mviringo, bila magamba. Huyo kinga ya mwili wake imeyageukia mashina ya nywele zake mwenyewe. Haambukizi hata mkitumia kitana kimoja, na mara nyingi nywele hurudi, ingawa si kila mara. Wako pia waliougua homa kali, waliojifungua, au waliojinyima chakula ili wakonde; nywele huwatoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati kisa chenyewe wameshakisahau. Upungufu wa madini ya chuma mwilini na matatizo ya tezi ya shingoni nayo yamo. Lakini ukiona nywele chache tu kwenye kitana usipige mayowe. Kichwa kina nywele 100,000 hivi, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida.

Sasa nina neno kwa walimu, nanyi walimu mtaniwia radhi. Mwenzangu mmoja wa shule nyingine, ambayo siitaji, alivuliwa kitambaa mbele ya gwaride kwa kuwa "si sare". Alikuwa na yale mabaka laini. Shule nzima iliona, na wiki mbili nzima hakukanyaga darasani. Kwani ingegharimu nini kumwita ofisini kwanza? Naomba klabu yetu ipeleke ombi hili kwa mwalimu mkuu: mwenye barua ya daktari aruhusiwe kitambaa cha rangi ya sare, na asiyetaka matuta aruhusiwe nywele fupi bila kuulizwa maswali kila Jumatatu.

Nanyi akina dada, mkiketi kwa msusi likizo hii, msingoje mpaka amalize. Paji likianza kuuma, mwambie afumue mistari ya mbele aanze upya. Akinuna, mwongezee shilingi ishirini.