Nani Humchagulia Kijana Kitabu?

Imekuwa desturi ya wahakiki wetu kulalama kwamba vijana hawasomi. Madai haya hayana mashiko. Kijana wa Dagoretti Corner apandaye matatu ya Ngong Road kwenda mjini hukuta vitabu vikuukuu vimetandazwa kando ya njia, navyo hununuliwa; sharti mteja ainame achague. Vingi ni vya Kiingereza: vya mapenzi, vya upelelezi, na John Kiriamiti, ambaye My Life in Crime (1984) haikuhitaji mwalimu wa kuisifu. Hapo kijana hujichagulia. Kwa Kiswahili huchaguliwa: hukabidhiwa kitabu teule pamoja na mwongozo wake, na mara nyingi mwongozo ndio usomwao.

Miongozo hiyo huandikwa na nani, kama si wahakiki hao hao? (Malipo yake, bila shaka, huzidi ya makala kama hii.) Tazama Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Kongowea anatoka Tanga, anavuka mpaka kuingia Kenya, akimtafuta baba. Ni kiu gani ya mtu wa miaka 16 isiyokuwamo humo? Hata hivyo, ilipotahiniwa ilikatwakatwa ikawa maudhui, wahusika na tamathali.

Idara iridhikayo na tasnifu juu ya vitabu vya mtihani, huku ikiiona fasihi ya watoto kuwa nyepesi mno kwa uzamili, haina haki ya kumlaumu kijana huyo kwa kuinamia Kiingereza.