Jirani Yako Ameacha Pombe: Msaidie

Leo tuzungumze juu ya mtu unayemjua. Yuko Rhotia, yuko Mang'ola, yuko Endulen. Zamani alikuwa mkulima hodari. Sasa kila asubuhi mikono yake inatetemeka mpaka anywe. Ameuza mbuzi, akauza na jembe. Watu wanasema, "Yule kapenda mwenyewe."

Je, ni kweli? Hapana. Ulevi wa namna hiyo ni ugonjwa. Mambo manne humweka mtu katika hatari ya kuupata.

La kwanza ni kuanza mapema. Ubongo wa kijana haujakomaa, na pombe huuzoea upesi. Wazee walikuwa na mpaka wao. Kwa Wamasai, pombe ya asali ilikuwa ya wazee, si ya morani. Usimwonjeshe mtoto pombe.

La pili ni ukoo. Mtoto wa mlevi yumo katika hatari zaidi. Lakini si lazima naye awe mlevi.

La tatu ni mzigo wa moyo. Mtu amefiwa, au mifugo yake imekufa kwa ukame. Anakunywa ili asahau. Kesho mzigo upo palepale, na fedha hazipo.

La nne ni pombe kupatikana kwa urahisi. Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Gongo nayo hupikwa kwa siri. Ni kali, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Gongo yenye sumu hupofusha, hata huua.

Sasa jirani yako anasema, "Nataka kuacha." Ufanye nini?

Kwanza, usimfungie ndani ili aache ghafla. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla, anaweza kupata kifafa. Anaweza kuona vitu visivyokuwepo. Anaweza hata kufa. Siku chache za kwanza ndizo za hatari. Mpeleke zahanati kabla hajaacha. Akizidiwa, mpeleke hospitali haraka. Hospitali ipo Karatu, na ipo Endulen. Dawa za kumtuliza zipo.

Pili, usimwambie, "Onja kidogo tu." Kwake kidogo huleta kingi. Akija kwenye harusi yako, mpe chai au maziwa, kama mgeni wa heshima.

Tatu, uwe naye siku ya fedha. Amevuna vitunguu, ameviuza, na njia ya nyumbani inapita kilabuni. Siku hiyo rudini pamoja. Mshauri fedha ampe mkewe, au aziweke akiba.

Nne, mpe kazi, wala usimwite mlevi. Mwite shambani. Mwite kwenye mkutano wa kijiji. Asiye na kazi wala rafiki atarudi kwa marafiki wa kilabuni.

Tano, akianguka tena, usimtupe. Wengi huanguka kabla ya kusimama imara. Muulize kilichotokea, kisha mwende tena zahanati. Siku moja bila pombe ni haba. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini fahamu jambo moja. Kumsaidia mtu si kumlipia deni la pombe. Wala si kuvumilia kipigo. Mama anayepigwa na mume mlevi atoe taarifa kwa viongozi wa kijiji au polisi. Yeye na watoto nao wanahitaji jirani.

Ndugu msomaji, ng'ombe akianguka korongoni, kijiji kizima huenda na kamba. Je, mtu si zaidi ya ng'ombe?

Jadilianeni:
1. Katika kijiji chetu, watoto wanaonjeshwa pombe wapi?
2. Ni nani kati yetu anajaribu kuacha pombe?
3. Siku ya mnada ujao, nani atarudi naye nyumbani?